Robert Wangila: Shujaa wa ndondi za ridhaa aliyetutoka mapema

MATATU nyingi zinazotoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kibera hukomea katika mtaa uitwao Olympic. Abiria hushuka hapo kila siku na mizigo yao, na ni nadra mmoja wao kukumbuka kwamba jina hilo ni la mashindano makubwa kuliko yote ya michezo duniani. Iwapo kuna mwanamichezo anayestahili kukumbukwa na mabondia chipukizi wa mtaa huo, pamoja na wenzao wa Kawangware ng'ambo ya Barabara ya Ngong, basi ni marehemu Robert Napunyi Wangila.

Wangila alizaliwa jijini Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Alijitosa katika ndondi za ridhaa, mchezo ambao bondia hapigani kwa ajili ya malipo. Maisha ya bondia wa aina hiyo si ya raha. Huamka alfajiri kukimbia wakati wengine wamejifunika blanketi. Jioni, baada ya kuhangaikia riziki, huenda ukumbini kupiga gunia na kuruka kamba. Hakuna tiketi inayouzwa kwa jina lake, na hata akishinda, kodi ya nyumba humsubiri mwisho wa mwezi. Asipokuwa na sababu yake mwenyewe moyoni, huacha kabla ya kufika mbali.

Kenya ilikuwa na sababu ya kutamani ushindi. Philip Waruinge alikuwa ametwaa nishani ya shaba jijini Mexico City mwaka wa 1968 na ya fedha jijini Munich mwaka wa 1972. Kisha taifa likasusia michezo ya Montreal ya 1976 na ile ya Moscow ya 1980, na mabondia wengi wakapitwa na umri wao bora bila kuonja Olimpiki. Ibrahim Bilali alirejea na shaba kutoka Los Angeles mwaka wa 1984. Dhahabu ilikuwa bado ndoto.

Ndoto hiyo ilitimia Seoul, Korea Kusini, mwaka wa 1988. Wangila, aliyekuwa ametimiza miaka 21 siku chache kabla ya mashindano, alipigana katika uzani wa welta. Katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, na katika raundi ya pili akamwangusha, pambano likamalizika. Ushindi wa namna hiyo ulikuwa na maana ya pekee. Katika michezo hiyohiyo, Mmarekani Roy Jones alinyimwa dhahabu kwa uamuzi wa majaji uliolaaniwa kote duniani. Wangila hakuwaachia majaji lolote la kuamua.

Kenya ilirejea na dhahabu tano kutoka Seoul. Nne zilikuwa za wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ilikuwa ya Wangila, bondia wa kwanza Mwafrika mweusi kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Zaidi ya miaka 30 baadaye, hata baada ya michezo ya Paris ya 2024, hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Lakini nishani hailiwi. Mwaka wa 1989 Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa nchini Marekani. Huko alikuta mchezo wenye jina lilelile na hatari tofauti. Jijini Seoul pambano lilikuwa la raundi tatu, na bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ndondi za kulipwa kofia hiyo haipo, na pambano huweza kufika raundi 10 au 12. Kichwa hupokea ngumi kwa muda mrefu zaidi, na moyo ule uliomfundisha bondia kutokata tamaa huweza kumzuia kukubali kwamba ameumia.

Mnamo Julai 1994, Wangila alipambana na David Gonzales jijini Las Vegas. Katika raundi ya tisa refa alisimamisha pigano hilo. Wangila hakuridhika; alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia mavazi, alipoteza fahamu. Aliaga dunia Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wangila alichuma juani, na kivuli hakukifikia. Hata hivyo maisha yake hayapaswi kuwavunja moyo vijana wanaofunga glavu Kibera na Kawangware. Yanawaonyesha kwamba Mkenya aliyeanza bila malipo alifika kileleni mwa dunia, kwa kuwa alijua anachokitafuta. Yanawaonyesha pia kwamba ari inahitaji mlinzi: kocha anayejua kurusha taulo, daktari anayesikilizwa, na bondia anayekubali kushindwa leo ili apigane kesho. Bondia atakayejifunza mambo hayo mawili kwa pamoja atakuwa amemuenzi Wangila kuliko sanamu yoyote.