Bwana Merensky na Mkate wa Kila Siku

Huku kwetu Masukulu mvua hainyimi na migomba haikosekani, hata mtu aweza kuomba mkate wa kila siku midomo ikienda tu, asijue aomba nini. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia habari za mzee mmoja aliyejifunza sala hiyo kwa taabu. Ndiye Bwana Alexander Merensky, aliyewaongoza wamisionari wa kwanza wa Berlin walipofika nchi hii ya Konde mwaka 1891. Wengi wetu twalijua jina lake. Mambo yaliyompata kabla ya hapo wachache huyajua.

Alizaliwa mwaka 1837 huko Panten, karibu na mji wa Liegnitz, katika nchi ambayo leo ni ya Poland. Mwaka 1859 Misioni ya Berlin ikampeleka Afrika ya Kusini. Yeye na mwenzake Grützner walikusudia kuwahubiri Waswazi, lakini mfalme wa Waswazi hakuwataka. Basi wakageukia njia nyingine, na mwaka 1861 Merensky akaingia nchi ya Wapedi. Mfalme mzee Sekwati alimpokea, lakini alifariki mwaka ule ule, na mwanawe Sekhukhune akashika utawala.

Mwanzoni Sekhukhune aliwavumilia wageni. Hata alipoona ya kuwa baadhi ya watu wake wanaitii sauti nyingine kuliko yake, hasira ikamwaka. Mwaka 1864 waumini wakapigwa, na mali zao zikanyang'anywa. Mwezi wa Novemba Merensky akatoka katika nchi ile usiku, pamoja na mkewe na kundi la Wakristo, wakiacha nyuma nyumba na mashamba na kazi ya miaka mitatu.

Mtu aliyefukuzwa hivyo angeweza kuketi na kulia, au kurudi kwao Ulaya. Merensky hakufanya hivyo. Mapema mwaka 1865 alinunua shamba karibu na Middelburg, akaliita Botshabelo, maana yake mahali pa kukimbilia. Nao wakajenga ngome ya mawe juu ya kilima, yenye matundu ya kutolea bunduki. Labda mwalimu mmoja atauliza, Je, mtu amtumainiye Mungu hujenga ngome? Sisi twamjibu afungue Katekisimu Ndogo, asome tena fungu la mkate wa kila siku. Ataona ya kuwa Luther hakutaja chakula peke yake, bali nyumba na shamba pia, na amani na majirani wema. Ukuta ule wa mawe ulikuwamo katika sala yao. Baadaye wakaongeza shule, kinu cha kusagia, na karakana za wahunzi na za mafundi wa magari ya ng'ombe, hata watu wa Botshabelo wakazidi 1,000.

Lakini yafaa tuseme na lile lisilopendeza. Tulipokuwa chuoni tulizoea kusikia habari za wazee hawa kana kwamba hawakuwa na doa. Miongoni mwa waliokimbilia Botshabelo alikuwako Dinkwanyane, ndugu yake Sekhukhune kwa baba, aliyebatizwa akaitwa Johannes. Huyu alitaka watu wake wawe na ardhi yao wenyewe, wasikae siku zote chini ya amri za mmisionari na malipo yake. Merensky hakukubali. Mwaka 1873 Dinkwanyane akaondoka na mamia ya watu, na mwaka 1876 akauawa katika vita vya Makaburu na Wapedi. Kwa maoni yetu, Merensky aliweza kumwachia Mungu maisha yake usiku ule wa kukimbia, lakini kuwaachia ndugu zake Waafrika shamba lao kulimshinda. Tena sisi wachungaji wenyeji tusifanye haraka kumcheka, maana ufunguo wa ghala ya kanisa nasi twaushika kwa nguvu.

Mwaka 1882 alirudi Ujerumani. Hata alipokuwa na umri wa miaka 54 akaitwa tena, awaongoze vijana mpaka Konde. Wakapita Quelimane, wakapanda mito ya Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa. Wamoravian walikuwa wametangulia kidogo tu, na mmoja wao, Georg Martin, alikufa mwaka ule ule. Wakapatana: Wamoravian washike upande wa magharibi, na watu wa Berlin upande wa mashariki. Mwezi wa Oktoba 1891 wakaanza kujenga Wangemannshöhe, yaani kilima cha Wangemann, kwa jina la mkuu wa misioni yao.

Siku zile hakuna aliyejua ya kuwa homa huletwa na mbu. Jambo hilo lilihakikishwa mwaka 1897. Wao walidhani ni hewa mbaya ya mabonde, kwa hiyo wakatafuta mahali pa juu na kumeza kwinini. Sababu waliikosea, lakini kilima kiliwafaa. Hata hivyo homa ilikuwa jambo la kila siku, na Merensky alikaa Konde muda mfupi tu. Mwaka 1892 alirudi Ulaya, akiiacha kazi mikononi mwa Nauhaus na wenzake, vijana ambao hawakuwa wamezoea nchi. Manow ilianzishwa mwaka ule ule, na Mwakaleli mwaka 1893. Safari hii aliacha mambo machanga, wala hakurudi kuyasimamia.

Alifariki Berlin mwezi wa Mei 1918, vita kuu ikiwa haijaisha. Tangu mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameishika Konde, na wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa. Mwezi ule ambao mzee alizikwa, waliokuwa wakiwakusanya watu kusali huku kwetu ni walimu Wanyakyusa.