Matia Mulumba alisoma kwanza, akabatizwa baadaye

Miongoni mwa mambo yanayozua mjadala katika familia nyingi za Nakuru ni suala la watu wazima kuhama kanisa moja na kuingia jingine. Hapa Kiamunyi, ambako mashamba ya mahindi yamegawanywa kuwa ploti na watu wa asili mbalimbali wakawa majirani, si ajabu kupata nyumba moja ambamo mume ni Mkatoliki, mke ni wa Kanisa la Kianglikana au la Kipresbiteri, na ndugu zao ni wa makanisa ya Kipentekoste. Harusi inapokaribia, au mtoto anapotakiwa kubatizwa, huzuka swali la nani atamfuata nani. Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa pupa, kadi za mwaliko zikiwa tayari zimechapishwa. Anayeambiwa kwamba hana budi kusoma mafundisho kwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupokelewa katika Kanisa Katoliki huona kwamba anazungushwa bure.

Mimi naona kwamba hazungushwi. Muda huo wa kusoma ni heshima anayopewa mtu ili aamue kwa hiari na akili timamu. Siandiki haya kwa nia ya kumvuta yeyote kuingia dini fulani au kumzuia asiingie. Nataka kueleza tu jinsi jambo hili lilivyo, na sijaona maisha yanayolieleza vyema zaidi ya yale ya Matia Kalemba Mulumba, mmoja wa mashahidi wa Uganda.

Mulumba alizaliwa Busoga, mashariki mwa mto Nile, yapata mwaka 1836. Alipokuwa bado mtoto alitekwa pamoja na mama yake na wavamizi kutoka Buganda, akauzwa kwa mzee mmoja aliyeitwa Magatto. Bahati yake ni kwamba mzee huyo hakumtendea kama mtumwa, bali alimlea kama mwanawe. Alipokua aliingia katika utumishi wa chifu wa Ssingo, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kazi katika makao ya chifu huyo. Jina Mulumba lenyewe lilitokana na cheo hicho. Mateka wa Kisoga alikuwa amekuwa mtu wa kuheshimiwa katika nchi ya ugenini.

Wakati huo Buganda ilikuwa njia panda ya dini. Uislamu ulikuwa umefika tangu miaka ya 1840 kwa wafanyabiashara kutoka pwani yetu. Kabaka Mutesa aliufuata kwa muda, ingawa mwaka 1876 huyo huyo aliwaua vijana Waislamu waliokataa kuiweka amri yake juu ya imani yao. Mwaka 1877 wakafika wamisionari Waanglikana, na Alexander Mackay akajiunga nao mwaka uliofuata. Mwezi wa Februari mwaka 1879 wakafika Mapadri Weupe Wakatoliki, wakitanguliwa na Padri Simeon Lourdel. Waganda walimwita Mapera, neno walilolifinyanga kutokana na namna Wafaransa wanavyomwita padri wao.

Mulumba aliyapitia haya yote. Kwanza alisilimu. Mackay alipoanza kufundisha, alihudhuria masomo yake. Kisha, mwaka 1880, alijiandikisha miongoni mwa wanafunzi wa mapadri Wakatoliki. Mtu mwenye haraka ya kuhukumu atasema kwamba huyu alikuwa kigeugeu. Lakini tukumbuke kwamba hakuwa kijana wa kupeperushwa na upepo wa kasri. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, mwenye cheo na mali, ambaye kila alikofika aliketi chini na kusikiliza.

Hapa nitaomba ruhusa ya kusema machache kuhusu lugha. Katika Kiganda, neno la kusoma kitabu, okusoma, ndilo pia lililokuja kumaanisha kusali na kufuata dini. Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Si Waganda pekee walioona hivyo. Wazee wa Kikuyu waliohamia huku Bonde la Ufa watakumbuka kwamba Wakristo wa mwanzo waliitwa athomi, wasomaji vilevile. Nacho Kiswahili, ambacho wamisionari walikitumia kufundishia huko Buganda kabla hawajakimudu Kiganda, kina neno kuongoka. Neno hili ni la ukoo mmoja na kuongoza na kiongozi, na hudokeza hali ya mtu aliyeshikwa mkono njiani hadi akanyooka. Lugha hizi tatu, kila moja kwa namna yake, zimeshuhudia kwamba kuingia dini ni jambo la kujifunza na la kuongozwa.

Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, alilishika wazo hilo kwa ukali. Alitaka mtu mzima asibatizwe mpaka awe amefundishwa na kuchunguzwa kwa miaka minne. Alihofia kwamba ubatizo wa haraka huzaa Wakristo wa jina tu. Katika miaka ile ya mwanzo kanuni hiyo haikuweza kutimizwa yote, lakini hata hivyo Mulumba alingoja takriban miaka miwili. Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882, akapewa jina la Matia.

Alijifunza nini? Alijifunza yale ambayo Mkatoliki wa leo huyatamka katika Kanuni ya Imani: kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, kwamba Yesu Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, aliyekufa na kufufuka. Hayo anayashiriki na Waanglikana na Wapresbiteri. Yapo pia yale ambayo kwayo Wakatoliki hutofautiana na wengi wa majirani zao. Wanaamini kwamba katika Misa mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu ya Kristo kwelikweli, si kwa mfano tu. Wana sakramenti saba: ubatizo, kipaimara, Ekaristi, kitubio, mpako wa wagonjwa, daraja takatifu na ndoa. Wanamtambua Papa kuwa mrithi wa Mtume Petro, na wanayapokea Mapokeo ya Kanisa pamoja na Maandiko Matakatifu. Wanaamini pia kuna toharani, ambako roho za waliokufa katika neema ya Mungu hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Kuhusu Bikira Maria na watakatifu, ambao ndio chanzo cha mabishano mengi, msomaji atenganishe maneno mawili. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Watakatifu huheshimiwa na huombwa watuombee, kama vile mtu amwombavyo jirani amkumbuke katika sala.

Mafundisho hayo yalimgharimu Mulumba. Aliwaacha wake zake wengi akabaki na mmoja. Ni vyema tusilipite jambo hili kwa wepesi, kwa sababu wanawake walioachwa nao walikuwa na maisha yao, na gharama ya kuongoka kwa mume iliwaangukia wao pia. Mapadri wa leo huchunguza kwa makini habari za ndoa za anayetaka kujiunga, na wengi huuchukia uchunguzi huo. Lakini uamuzi wa mtu mmoja nyumbani huwagusa wengi, na afadhali machozi hayo yafikiriwe mapema kuliko baadaye. Aidha, mtu huyu wa cheo hakuona haya tena kufanya kazi za mikono wala kujibebea mzigo wake safarini, mambo yasiyotarajiwa kwa mkubwa wa wakati wake.

Mtihani wa kweli ulikuja miezi michache tu baada ya ubatizo wake. Mwezi wa Novemba mwaka 1882 mapadri wote waliondoka Buganda wakavuka ziwa kwenda kusini, wasirudi mpaka Julai mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri wala Misa. Kama imani ya Waganda hao ingalikuwa ya kufuata mkumbo, ingalikufa. Badala yake ilikua. Huko Mityana, Mulumba pamoja na wenzake Luka Banabakintu na Noa Mawaggali waliwafundisha majirani wao, wakawa nguzo ya jumuiya nzima. Mapadri waliporudi, Wakristo wa Mityana walitembea kwa miguu takriban kilomita 70 kwenda kusikiliza mafundisho. Aliyesoma vizuri alikuwa amepata cha kuwagawia wengine.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala kwa hofu. Aliwahofia wageni waliokuwa wakiimega Afrika, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi wa Oktoba mwaka 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana aliyekuwa amelivuka Bonde letu la Ufa, aliuawa huko Busoga, nchi ile ile alikozaliwa Mulumba. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyemkanya Kabaka kwa kitendo hicho, aliuawa mwezi uliofuata. Mwezi wa Mei mwaka 1886 ghadhabu ikawaangukia Wakristo wote wa kasri.

Mulumba alipofikishwa mbele ya Katikiro, mkuu huyo alishangaa kwamba mtu mzima wa heshima kama yeye amejiingiza katika mambo ya wageni. Mulumba alijibu kwamba anaifuata dini hiyo kwa sababu ameitaka mwenyewe. Kwa maoni yangu jibu hilo ndilo kiini cha maisha yake. Hakumtaja Mapera wala kusema kwamba alidanganywa. Mtu aliyewahi kutekwa na kuuzwa alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna bwana aliyemwamuru kulifanya.

Tarehe 27 Mei alikatwa mikono na miguu mahali panapoitwa leo Old Kampala, akaachwa hapo afe polepole. Inaaminika kwamba alikata roho tarehe 30 Mei. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, na katika moto ule ule Waanglikana na Wakatoliki walikufa pamoja. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Mulumba ni mmoja wao.

Sasa turudi kwa majirani zangu. Anayetaka kuwa Mkatoliki leo huanza kwa kumwona paroko au katekista wa parokia yake, kwa mazungumzo tu yasiyomfunga. Akiridhika hupokelewa kuwa mkatekumeni, akasoma na kushiriki sala za jumuiya, huku akiwa na mdhamini wa kumsaidia. Mwanzoni mwa Kwaresima huteuliwa rasmi, na katika Mkesha wa Pasaka hupokea ubatizo, kipaimara na Ekaristi. Aliyekwisha kubatizwa katika kanisa jingine kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu habatizwi mara ya pili. Huyo hufundishwa, huungama dhambi zake, hukiri imani ya Kanisa Katoliki, kisha hupewa kipaimara na Ekaristi. Kabla ya hatua ya mwisho, kila mmoja ana uhuru wa kusema kwamba bado hajawa tayari.

Jambo la mwisho lawahusu wachumba. Wengi huamini kwamba asiye Mkatoliki ni lazima abadili dini ndipo afunge ndoa na Mkatoliki kanisani. Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakubali ndoa ya namna hiyo kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa, na sheria hiyo hiyo inakataza mtu kushurutishwa kuipokea imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Mama mkwe anayemsukuma mke wa mwanawe abatizwe kabla ya harusi anadai jambo ambalo Kanisa lenyewe halilidai.

Kwa hivyo, mchumba akipenda kusoma, na apewe muda wa kusoma, hata kama harusi itatangulia na ubatizo ukachelewa. Asipopenda, na aachwe katika kanisa lake kwa amani. Haraka haraka haina baraka, na imani iliyopatikana ili kuokoa kadi za mwaliko haitamfaa mtu siku padri asipokuwapo. Ile ya Mulumba ilimfaa kwa miaka mitatu bila padri, na ilimfaa hata katika zile siku tatu za mwisho ambazo hakuwa na mtu wa kumpa maji.