Louis Rwagasore, Mutoto wa Mufalme Asiyeshika Ngoma

Tunapenda kumukumbuka mutu wa ng'ambo ya ziwa letu.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 1932, mutoto wa kwanza wa Mwami Mwambutsa IV. Kwa desturi ya Burundi haikuwa lazima muzaliwa wa kwanza arithi ngoma. Hata hivyo wengi walimutazama kama mufalme wa kesho. Alisoma kwa Mafrere wa Astrida, kisha Ubelgiji.

Aliporudi hakukaa kungojea kiti. Mwaka 1957 alianzisha kooperative ya wafanya biashara, akawa rafiki ya Waswahili wa Usumbura. Katika mutaa wa Buyenzi waliishi wengi waliotoka Kongo, na Wabwari wetu kati yao. Kooperative ile iliingia katika madeni, wala hatutaki kuficha jambo hilo; lakini watu walikwisha kumuzoea mwana wa Mwami aliyeketi pamoja nao.

Akakiongoza chama cha Uprona, akidai uhuru. Hapo ndipo tunaposhangaa: mwaka 1960 Wabelgiji walikataza jamaa wa karibu wa Mwami kufanya siasa. Damu iliyomupa heshima ikawa kifungo chake. Mwezi wa kumi wakamuzuia nyumbani, hata uchaguzi wa makomini ukapita, na chama chake kikashindwa.

Tarehe 18 ya mwezi wa kenda 1961 Uprona ilipata viti 58 katika 64. Rwagasore akawa Waziri wa Kwanza, mwenye miaka 29. Kazi hiyo aliishika majuma mawili tu. Jioni ya tarehe 13 ya mwezi wa kumi, alipokuwa akila chakula katika hoteli kando ya ziwa, Mugriki Jean Kageorgis alimupiga risasi. Kati ya waliohukumiwa kwa kumutuma walikuwa Ntidendereza na Biroli, wana wa Chifu Baranyanka, waganwa kama yeye.

Mabinti zake wawili walifariki wangali wachanga, basi hakuacha uzao.

Ngoma ikashikwa na mudogo wake Charles, aitwaye Ntare V, mwezi wa saba 1966. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule ufalme ukaisha. Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, juu ya Bujumbura. Nasi tunapolala Uvira, safarini, tunaziona taa za muji ule usiku.