BIBI UMMU ATWIYYA (R.A.): MWALIMU WA KUOSHA MAITI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, katika toleo hili tumependa kuwaletea maisha ya Swahaba wa kike ambaye kila aliyesoma vitabu vya hadithi amekutana na jina lake, na ambaye hakuna nyumba ya Waislamu isiyohitajia elimu yake. Naye ni Bibi Ummu Atwiyya (R.A.).

Tumemchagua yeye kwa sababu maalumu. Kila mwaka tunapofika mlango wa janaiz katika somo la fiqhi, wanafunzi hukariri nguzo za swala ya maiti upesi, na katika mtihani hupata alama nzuri. Lakini tukiwauliza ni nani kati yao aliyewahi kushika kata ya maji akasaidia kumwosha maiti, darasa zima huinamisha vichwa. Na mitaani hali ni hiyo hiyo. Mtu akifariki hutafutwa mzee mmoja au bibi mmoja anayejua, na asipopatikana watu hubaki wakitazamana. Je, wazee hao wakiondoka, nani atatuosha sisi?

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Jina lake ni Nusayba binti Al-Haarith, na alikuwa katika Answaari wa Madina. Wanafunzi wasimchanganye na Nusayba binti Kaab, yaani Bibi Ummu Umara (R.A.), yule shujaa aliyemkinga Mtume (S.A.W.) katika vita vya Uhud. Hao ni Answaari wawili wenye jina moja, na kila mmoja ana sifa zake.

Bibi Ummu Atwiyya alikuwa miongoni mwa wanawake waliompa Mtume (S.A.W.) ahadi ya utii, yaani baia. Masharti ya baia ya wanawake yametajwa katika Suratul Mumtahina. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika ahadi hiyo walikatazwa kuomboleza kwa mayowe, yale ya kujipiga vifua na kumlilia maiti kama walivyofanya watu wa zama za Jahiliya. Kisha akakiri kwa ukweli kuwa lilikuwa jambo zito mno, na kwamba waliolitimiza barabara hawakuzidi wanawake watano. Tunalitaja hili mapema kwa sababu, kama tutakavyoona, ahadi hiyo ilikuja kumdai baadaye katika maisha yake.

KAZI YAKE VITANI

Alitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) katika vita saba. Hakuwa akishika upanga. Alibaki kambini nyuma ya wapiganaji, akiwapikia chakula, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Aliyeuguza majeruhi wa vita saba ameona damu nyingi, na bila shaka ameona wengi wakikata roho mbele yake. Hivyo mikono yake ilikwisha zoea kuwahudumia wanyonge kabla hajaitwa kuwahudumia maiti.

Wala hakuwa tajiri. Imepokewa kuwa safari moja aliletewa mbuzi wa sadaka, naye akatoa sehemu ya nyama ile akampelekea Bibi Aisha (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipoingia na kuuliza kama kuna chakula, akaambiwa hakuna ila hiyo nyama iliyotoka kwa Nusayba. Mtume (S.A.W.) akaikubali, kwa kuwa sadaka ilikwisha fika mahali pake, na kutoka kwake ilikuwa ni zawadi. Tazameni moyo huo: mtu anapewa sadaka kwa uhitaji wake, naye anakumbuka jirani.

SIKU ALIYOFARIKI BIBI ZAYNAB

Mwaka wa 8 Hijria alifariki Bibi Zaynab (R.A.), binti mkubwa wa Mtume (S.A.W.) na mke wa Abul Aas. Mtume (S.A.W.) alikwisha fiwa na binti mwingine, Bibi Ruqayya (R.A.), mwaka wa 2 Hijria, wakati wa vita vya Badr. Sasa msiba ulirudi tena nyumbani kwake. Wanawake walikusanyika kumwosha marehemu, na Bibi Ummu Atwiyya akiwa mmoja wao. Iko riwaya inayomtaja binti mwingine, Ummu Kulthum (R.A.), lakini iliyo mashuhuri zaidi ni ya Bibi Zaynab.

Mtume (S.A.W.) aliwaingilia wakiwa katika kazi hiyo. Akawafundisha, naye ni baba mwenye huzuni, hatua kwa hatua. Aliwaamrisha wamwoshe kwa idadi ya witri: mara tatu, au tano, au zaidi ya hapo ikiwa wataona haja. Waanze na upande wake wa kulia na viungo vya udhu. Watumie maji na majani ya mkunazi, na katika josho la mwisho watie karafuu maiti. Wakimaliza, wamwarifu.

Majani ya mkunazi yakipondwa na kuvurugwa katika maji hutoa povu, nayo husafisha kama sabuni. Ama karafuu maiti, wanazuoni wameeleza kuwa ina harufu nzuri, hukaza mwili na kuwafukuza wadudu.

Wakazichana nywele za marehemu, wakazisuka misuko mitatu na kuilaza nyuma yake. Walipomaliza walimwarifu Mtume (S.A.W.), naye akawapa shuka yake mwenyewe aliyokuwa ameivaa kiunoni, akawaagiza waifanye ndiyo nguo ya kwanza kugusa mwili wa binti yake, ndani ya sanda. Baba hakuwa na cha kumpa tena mwanawe isipokuwa hicho.

Katika chumba kile Bibi Ummu Atwiyya hakuosha tu akaenda zake. Alihifadhi kila alichoagizwa: idadi, mpangilio, maji, majani, nywele na shuka. Ndiyo maana leo, baada ya karne kumi na nne, maimamu wanapoandika mlango wa kuosha maiti, hadithi yake huwa ni msingi wao.

SAFARI YA BASRA

Baada ya kufariki Mtume (S.A.W.), Uislamu ulienea na mji wa Basra ukajengwa huko Iraq katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.). Bibi Ummu Atwiyya alikuwa na mwana aliyekuwa huko. Wanazuoni wanasema yaonekana alikuwa mpiganaji, akafika Basra hali ni mgonjwa, na habari zikamfikia mama yake. Mama akafunga safari kwa haraka kutoka Hijazi kumwahi mwanawe. Hakumwahi. Alipofika, kijana alikwisha fariki.

Hebu tafakarini, ndugu wanafunzi. Mama huyu aliyeosha binti wa Mtume (S.A.W.) na kuwatibu watoto wa watu vitani, hakujaaliwa kumuuguza mwanawe wa kumzaa.

Hapo ndipo ile ahadi ilipomdai. Imepokewa kuwa alipofiwa na mwanawe, ilipofika siku ya tatu aliagiza manukato ya rangi ya manjano akajipaka. Haikuwa kwa sababu huzuni imekwisha. Alitaka watu wajue kuwa wanawake wamekatazwa kukaa matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa kwa mume, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Yeye ndiye aliyeipokea hukumu hiyo, na yeye ndiye aliyeitekeleza moyo wake ukiwa na jeraha bichi.

MWALIMU WA WATU WA BASRA

Huko Basra akawa mwalimu. Imepokewa kuwa Swahaba na wanazuoni wa Taabiina waliokuwa katika mji huo walijifunza kwake namna ya kuosha maiti. Mashuhuri kati ya wanafunzi wake ni ndugu wawili, Muhammad bin Sirin na dada yake Hafsa binti Sirin. Baba yao, Sirin, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Anas bin Malik (R.A.).

Watu wengi wanamjua Ibn Sirin kwa elimu ya ndoto. Wachache wanajua kwamba imamu huyu, aliyefariki mwaka wa 110 Hijria, alijifunza josho la maiti kutoka kwa bibi wa Kianswaari: mara mbili kwa majani ya mkunazi, na ya tatu kwa maji na karafuu maiti. Hakuona aibu kufundishwa na mwanamke, wala hakuiona kazi hiyo kuwa ni ya watu duni.

Na Hafsa je? Katika riwaya yake yamehifadhiwa mambo ambayo hayamo katika ile ya kaka yake: kuanza na kulia na viungo vya udhu, na ile misuko mitatu ya nywele. Kaka alihifadhi kitu na dada akahifadhi kingine, na kwa wote wawili elimu ikatimia.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kuosha maiti ni elimu. Haitoshi nguvu wala huruma. Ni faradhi ya kutoshelezana, wakiitekeleza baadhi wengine husalimika, na ikiachwa wote hupata dhambi. Elimu hii hujifunzwa kabla ya msiba, kwani siku ya msiba akili za watu huwa zimetawanyika.

2. Elimu hii hupita kwa mikono. Kitabu kitakutajia josho tatu, lakini namna ya kumgeuza maiti kwa upole, kumkamua tumbo pole pole na kumsitiri utupu wake wakati wote kwa nguo, hayo utayaona kwa mwoshaji mzoefu.

3. Maiti ni amana. Mwoshaji akiona kasoro katika mwili wa marehemu, huisitiri na wala haendi kuisimulia barazani. Asiyeweza kuzuia ulimi wake asiingie chumba cha josho.

4. Wasichana wetu wasijione kuwa jambo hili si lao. Maiti wa kike huoshwa na wanawake. Mama asipokuwa na binti aliyesoma, nani atamsitiri?

5. Huzuni haikatazwi. Kinachokatazwa ni mayowe na kupindukia mipaka. Bibi Ummu Atwiyya alifiwa kama tunavyofiwa sisi, naye akashika ahadi yake.

Tunawausia wanafunzi wetu waanze na dogo. Ukifiwa mtaani na wewe ni kijana uliyebaleghe, mwombe mwoshaji ruhusa umchotee maji. Siku nyingine utashika nguo ya kusitiria, na siku nyingine utakata sanda. Wazazi nao wasiwafukuze vijana kwa kuwaambia kuwa wataota ndoto mbaya. Wahenga walisema mwosha huoshwa, na kila mmoja wetu iko siku atalazwa juu ya kitanda hicho, hawezi kujigeuza wala kujisitiri, akisubiri mikono ya mtu aliyejifunza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Ummu Atwiyya, awarehemu waoshaji wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie sisi na watoto wetu tuwe warithi wa elimu hii. Aamin.