Fuvu la Mkwawa na miaka 35 ya kulisubiri

IRINGA, Tanzania. Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwasumbua Wajerumani kwa miaka saba. Agosti 17, 1891, huko Lugalo, wapiganaji wake walimuua kamanda Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, akaingia msituni. Julai 19, 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Ikapita miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikuta mafuvu 2,000 katika makumbusho ya Bremen, 84 kati yake kutoka koloni hili. Vipimo vyake vikalinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Lililochaguliwa lilikuwa na tundu la risasi. Kipimo cha namna hiyo, tukubali, kinaweza kuwafaa watu wengi.

Mwaka 1954, mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, alilipokea Kalenga. Limehifadhiwa huko katika jumba la makumbusho.