JOSEPH ASPDIN, MWASHI ALIYEZOA TOPE LA BARABARANI

Joseph Aspdin alikuwa mtoto wa mwashi wa mji wa Leeds, Uingereza, naye alibatizwa siku ya Krismasi mwaka 1778. Alipokua akashika kazi ya baba yake. Siku hizo waashi wengi walijenga kwa chokaa, kama wazee wetu wa Kaole, karibu na Bagamoyo, waliojenga msikiti wao kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lakini chokaa hukauka polepole, tena haishiki vema penye maji.

Aspdin alitaka kitu bora zaidi. Mawe ya chokaa ni magumu kusaga. Basi akatazama barabarani. Barabara za kwao zilitandikwa mawe hayo, na magurudumu yaliyasaga yakawa vumbi na tope lisilotakiwa na mtu. Akalizoa, akalichoma, akalichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akalikausha, akalichoma tena, kisha akalisaga likawa unga. Tarehe 21 Oktoba 1824 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Akauita saruji ya Portland, kwa kuwa ikikauka ilifanana na mawe mazuri ya kujengea ya huko Portland.

Yasemekana kwamba alichukua hata mawe mazima ya barabara, akashtakiwa mara mbili. Kuzoa taka ni jambo moja. Kubomoa njia ya watu ni jambo jingine!

Baadaye alifungua kiwanda mjini Wakefield, na mwanawe William akaipata saruji yenye nguvu zaidi. Joseph alifariki tarehe 20 Machi 1855.

Ndugu wasomaji, maisha yake yatuhusu sisi watu wa pwani. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kaskazini ya Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Na kila mahali wavunjapo kokoto, hubaki vumbi la mawe. Likichekechwa vizuri, laweza kushika nafasi ya sehemu ya mchanga katika zege na matofali. Kule Kunduchi, kuchimba mchanga katika vijito viendavyo baharini ni mojawapo ya sababu za bahari kuula ufuko. Basi kila ndoo ya vumbi itumiwayo ni ndoo ya mchanga iliyobaki mahali pake.

Aspdin hakuwa na chuo wala mali nyingi. Alikitazama kwa makini kile ambacho wenzake walikikanyaga.