Johannes Winkler: Aliyerusha roketi kwa gesi kama ya Mnazi Bay

Mwaka 2007 nyumba za Magomeni, mjini Mtwara, zilianza kupata umeme unaozalishwa kwa gesi asilia ya Mnazi Bay, karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Karibu gesi yote hiyo ni methani. Methani ndiyo iliyorusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika barani Ulaya, miaka 51 kabla ya gesi ya Mnazi Bay kugunduliwa mwaka 1982. Aliyeirusha ni Mjerumani, Johannes Winkler.

Winkler alizaliwa tarehe 29 Mei, 1897, huko Silesia. Alijeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, akasoma teolojia, kisha akaajiriwa katika ofisi za kanisa mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Haikuwa njia ya kawaida ya kumfikisha mtu angani. Hata hivyo, mwaka 1927 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama cha Wajerumani walioota safari za anga, na mhariri wa jarida lake. Baadaye kijana Wernher von Braun alijiunga na chama hicho.

Kazi yake ilikuwa ngumu. Methani huwa kimiminika ikipozwa hadi nyuzi 161 za Selsiasi chini ya sifuri, na oksijeni hadi nyuzi 183. Kwa kuwa angani hakuna hewa, roketi haina budi kubeba oksijeni yake yenyewe.

Kwa fedha za mfadhili Hugo Hückel, Winkler aliunda roketi fupi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Tarehe 21 Februari, 1931, karibu na Dessau, ilipaa kiasi cha mita 3 tu. Tarehe 14 Machi iliruka tena, na safari hii ilipita urefu wa mnazi wowote. Mmarekani Robert Goddard alikuwa amemtangulia mwaka 1926, lakini yeye alitumia petroli.

Roketi ya pili, kubwa zaidi, ilipelekwa pwani ya Bahari ya Baltiki. Tarehe 6 Oktoba, 1932, methani na oksijeni zilivuja, zikachanganyika ndani ya ganda lake, na roketi ikalipuka mara tu ilipoanza kuinuka. Methani ikawekwa kando. Roketi ya V-2 ya von Braun, iliyoua watu wengi London na Antwerp, ilitumia alkoholi na oksijeni.

Winkler alifariki dunia mjini Braunschweig tarehe 27 Desemba, 1947, akiwa na umri wa miaka 50. Shimo moja katika upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani lina jina lake. Roketi ya methani haikufika kwenye mzingo wa dunia hadi Julai 2023, Wachina waliporusha Zhuque-2.